KIGOMA: SIRI YA MZIGO NA MITANDAO ISIYO NA MWENYE MMOJA

Kwa kawaida ukurasa huu huripoti bei. Wiki hii tunaangalia habari zinazoitangulia bei, na nani anayezisoma.

Mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, Katonga au Ujiji anajua kuwa mbalamwezi ikiwa kali uvuvi wa taa husimama, mzigo hupungua mialoni na bei hupanda. Mwenye magunia ghalani ana faida mkononi, mradi mnunuzi asijue anayo mangapi na aliyapata kwa bei gani. Kufungwa kwa ziwa, kama ilivyokuwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, huifanya siri hiyo kuwa ghali zaidi.

Hata hivyo wengi huiandika katika makundi ya WhatsApp. Tangu 2016 ujumbe wenyewe hufungwa hata kampuni isiusome, lakini mwanakundi yeyote huiona namba yako. Akitaka na jina, ajaribu tu kukutumia pesa kwa simu, litajitokeza.

Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, na watu wakaanza kuulizana kuhusu mitandao isiyo na mwenye mmoja. Mfano ni Mastodon, ulioanza 2016. Ni seva nyingi, kila moja na msimamizi wake, zinazopelekeana ujumbe, kama mialo yetu: kila mmoja una viongozi wake na mitumbwi hupita kote. Seva nyingi hudai barua pepe tu, si namba ya simu. Hiyo ni faida halisi.

Hasara zake hazitangazwi sana. Msimamizi wa seva anaweza kusoma hata ujumbe wa watu wawili, kwa kuwa haufungwi. Mastodon wenyewe huwaonya watumiaji wao. Tena, ujumbe uliokwisha kufika seva nyingine huacha nakala huko. Ukiufuta kwako, ombi la kuufuta hutumwa, lakini hakuna wa kuilazimisha seva ya pili itii. Mzigo ukishavuka kwenda Kalemie, huwezi kuuita urudi. Kwenye Bluesky, uliofunguliwa kwa wote Februari 2024, hata orodha ya uliowazuia iko hadharani, na mshindani mdadisi atajua umekosana na nani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ina Tume ya kupokea malalamiko. Ugumu ni kumpata mlalamikiwa, ikiwa seva iko Ulaya chumbani kwa kijana anayeiendesha kwa kujitolea.

Kabla ya kujiunga, uliza seva ni ya nani na iko nchi gani. Idadi ya magunia, bei ya kununulia na siku ya kusafiri na fedha zisiandikwe huko; ziambiane ana kwa ana. Wapo watakaopendekeza wafanyabiashara wa mwalo mmoja wachange na kuweka seva yao wenyewe. Inawezekana, ila msimamizi wake atakuwa jirani anayegombea mzigo uleule.