Utangulizi: Theolojia ya Mateso katika Mkoa wa Songwe

Katika misiba ya Vwawa, Mlowo na Tunduma kuna kauli isiyokosekana: kazi ya Mungu haina makosa. Wanaoisema hawana nia mbaya. Wanamshika mkono mfiwa kwa maneno waliyo nayo. Lakini mama aliyemzika mtoto wake kwa malaria hurudi nyumbani na swali lake likiwa halijaguswa. Somo ninalokukaribishia, theolojia ya mateso, linaanzia kwenye swali la mama huyo. Halikusudii kumnyang'anya faraja yake. Linauliza kama imani ya Kikristo ina kitu cha kumpa zaidi ya kumtaka anyamaze, nami naamini inacho.

Mlango wa kwanza ni kitabu cha Ayubu, na nakuomba ukisome chote. Wahubiri wengi hukaa kwenye sura mbili za mwanzo, Ayubu anapovumilia, kisha hurukia sura ya 42 anaporudishiwa mali. Katikati yake kuna mtu anayelia, anayemlalamikia Mungu, anayedai kusikilizwa. Marafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walikuwa wafariji wa kweli. Waliharibu walipofungua midomo kumweleza kwamba lazima ametenda dhambi. Mwishoni Mungu anawakemea wao, na kumhesabia Ayubu kuwa ndiye aliyenena sawasawa. Zaburi nazo, karibu theluthi moja ni maombolezo. Ile ya 88 inaishia gizani bila jibu, na bado imo katika Biblia tunayoibeba kila Jumapili.

Kwa msomaji wa Songwe kuna mlango mwingine, tena wa nyumbani. Kanisa la Moravian, lililofungua kituo cha Mbozi miongoni mwa Wanyiha mwaka 1899 likiwa na mmisionari Traugott Bachmann, ni kanisa lililozaliwa katika mateso. Chimbuko lake ni wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Praha aliyechomwa moto tarehe 6 Julai 1415. Comenius, aliyekuja kuwa askofu wao, alifiwa na mke na watoto wawili kwa tauni mwaka 1622 wakati yeye mwenyewe alikuwa akijificha. Katika miezi ya majonzi hayo aliandika kitabu juu ya msafiri anayezunguka dunia nzima akitafuta maana asiipate, mpaka anaporudi moyoni mwake na kumkuta Kristo. Muhuri wa kanisa hilo hadi leo ni Mwanakondoo aliyebeba bendera ya ushindi. Waumini wetu wengi wanaiona alama hiyo tangu utotoni bila kuelezwa ni mawazo mazito kiasi gani juu ya maumivu yamewekwa ndani yake.

Urithi huo ulijaribiwa mapema. Agano Jipya la Kinyiha lilikuwa limechapishwa mwaka 1913. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaanza, na mpaka wa Wajerumani na Waingereza ulikuwa hapa hapa. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa. Wanaume wa pande zote mbili za mpaka walitwaliwa kubeba mizigo ya jeshi, vyakula vikachukuliwa, na mwishoni mwa 1918 homa ya mafua ikawakuta watu waliokwisha kudhoofika. Waliobaki kufundisha, kuzika na kusali na wafiwa walikuwa Wakristo wenyeji. Ng'ambo ya mpaka, kuzunguka misheni ya Mwenzo, Hanoc Sindano na wenzake wa harakati ya kidini ya Watch Tower walihubiri mwaka 1918 na 1919 kwamba mwisho u karibu na utawala wa Wazungu utaanguka. Wakakamatwa. Kwangu mimi majibu hayo mawili ni theolojia kamili, ingawa hayakuandikwa na msomi yeyote: moja lilitafuta maana katika kubaki na kuzika, jingine katika kuukataa ulimwengu unaotesa. Usidharau lolote kati ya hayo.

Kabla ya misheni, Wanyiha na Wanyamwanga walikuwa na swali lao balaa linapoingia: ni nani? Ni mzimu gani umekasirishwa, nani amevunja undugu, nani ana kijicho? Ubaya wa swali hilo tunaujua, maana katika sehemu nyingi za nchi yetu vikongwe wamesingiziwa uchawi na kuuawa. Lakini lilikuwa na jema moja ambalo mimbari nyingi zimelipoteza. Liliwakutanisha ndugu. Mgonjwa hakuachwa atafute maana peke yake. Ukoo ulikaa, ukasema yaliyofichwa, ukapatana. Leo Tunduma, mji wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, mji uliozika vijana wengi kwa UKIMWI, kuna mahubiri yasemayo kwamba anayeendelea kuugua hana imani ya kutosha. Nasema wazi kuwa ni mafundisho potofu. Ni maneno yaleyale ya marafiki wa Ayubu, na yanamtwisha mgonjwa hatia juu ya ugonjwa. Lakini humo humo wamo akina mama wanaopika uji, wanaofua mashuka na kukesha wodini na wasio ndugu zao. Kwa hao nimejifunza zaidi.

Utakutana pia na wasomi wa mbali. Luther alifundisha Heidelberg mwaka 1518 kwamba Mungu hujulikana msalabani. Kazoh Kitamori wa Japani aliandika juu ya maumivu ya Mungu mwaka 1946. Jürgen Moltmann, aliyeonja vita na kifungo akiwa kijana, alitoa kitabu juu ya Mungu aliyesulubiwa mwaka 1972. Aliye karibu nasi zaidi ni Emmanuel Katongole, padri wa Uganda. Katika kitabu chake cha mwaka 2017 anaonyesha, kwa mifano ya Kongo ya mashariki na Uganda ya kaskazini, kwamba tumaini huzaliwa ndani ya maombolezo. Anza na yeye.

Kisha nenda msibani. Kaa kwanza, andika baadaye, tena kwa ruhusa ya wenye msiba. Na wazee wa Mbozi, Ileje na Momba waliosimuliwa na wazazi wao habari za vita na mafua wanazidi kupungua; watafute mwaka huu, uwasikilize mpaka mwisho.