Nimekwama Page 34

Msee wangu, form iko hivi. Niko na kitabu kejani. Niliinunua Januari, ule mwezi kila mtu anajidanganya. Niko page 34. Februari nilikuwa page 34. Easter ikapita nikiwa page 34. Watu wakaanza kubonga za Krisi na bado risiti ya supa yenye nilifanya bookmark ilikuwa imelala hapo hapo, wino imefifia mpaka huwezi jua nilikuwa nimebuy unga ama sabuni.

Na wenye mlilalanga kwa class, wacha niwakumbushe: 34 ndio namba ya kaunti ya Kajiado. Mombasa ni 1, Nairobi ni 47, sisi ni 34. So hii kitabu imegoma kutoka Kajiado. Imefika home ikatoa viatu. 47 iko tu hapo mbele, page kumi na tatu, lakini kama umewahi kaa jam ya Mlolongo Monday asubuhi, unajua kutoka 34 kufika 47 si mchezo.

Jina ya kitabu sitaji. Ni zile za amka saa kumi usiku, oga maji baridi, utaomoka. Buda, mimi naishi Kitengela, Kite. Saa kumi na nusu niko macho by force, ndio nipate mat kabla fare ipande. Maji ni baridi juu token iliisha jana. Habits zote za bilionea niko nazo. Chenye imebaki ni bilioni.

Sasa swali ni moja: naimaliza ama naisare?

Kwanza tubonge ganji, juu hapo ndio inauma. Ilinimanga ngiri moja na soo nne. Si ya inama. Ningekuwa na akili ningeenda tao, niiname kwa pavement kama watu wengine, nichague moja imekunjika kona, nilipe soo na hamsini nihepe. Lakini hapana. Siku hiyo nilikuwa nimepiga luku. Nikaingia mall, kwa bookshop iko na AC, nikashika kitabu kama msee ako na title deed. Na vile gava iliwekea vitabu VAT ya asilimia 16 tangu 2013, karibu soo mbili ya hiyo doo ilienda kwa ushuru. Yaani kuna page sijawahi ona na macho yangu, na nishazilipia tax. Hiyo ndio Kenya.

Piga hesabu na mimi. Kitabu ni page 272. Nimesoma 34. Hiyo ni moja kwa nane. So nimekula ya soo na sabini na tano, almost fare ya kutoka tao jioni ikinyesha. Zingine ngiri na kitu ziko ndani zimelala. Na hapa ndio wasee wengi huingia kwa mtego: "Nimelipa, lazima nimalize." Lazima wapi? Ukimaliza utarudishiwa? Doo ishaenda. Ukiendelea kusoma kitu haikubambi, unaongeza masaa juu ya ganji. Ni kama kununua mutura imeharibika, alafu unaimaliza yote juu ulilipa mbao. Choo ndio itakuambia ukweli.

Lakini aibu. Aibu ndio hufanya mtu asisare.

Wacha nikuchapie. Kuna asubuhi nimeingia mat ya 110, nimekaa window, kitabu iko kwa mapaja, cover juu. Cover lazima ikae juu, hiyo ni sheria, hakuna msee hubeba kitabu mpya ikiangalia chini. Tumefika Athi River, manzi ako next seat, ameslay, nywele fiti, ananicheki. Anasmile. Mimi nishajua siku yangu imefika. Anauliza, "Hiyo umefika wapi?" Nikamwambia karibu namaliza. Kabisa, na sauti ya redio. Akaniambia, "Si chapter nane ni noma? Venye huyo msee anaacha kazi?" Nikasema enyewe, hiyo chapter nane ilinigusa. Akanyamaza. Akacheki ile risiti. Risiti imetokeza hapo mbele mbele, iko karibu na cover kuliko dere na windscreen. Page 272, na bookmark iko 34. Hakusema kitu. Alivaa tu earphones. Kutoka hapo mpaka Bellevue nilikuwa naangalia trela kama mtu ako na interest na trela.

Na usidhani ni sisi tu huku mtaani tunafake. 2014 kuna prof wa hesabu huko Marekani, Jordan Ellenberg, alicheki mistari yenye watu hu-highlight sana kwa Kindle, ndio aone watu hufikanga wapi na vitabu zao. Ilikuwa nusu utani, lakini ilichoma watu picha. Kitabu ya Thomas Piketty ya mambo ya mtaji, ile kubwa yenye ilikuwa inauzwa kama smocha mwaka huo, ilitoka na asilimia 2.4. Mbili nukta nne! Kwa kitabu yangu hiyo ni page sita na nusu. Mimi niko kumi na mbili nukta tano. Kwa hao wasee mimi ni prof.

Sasa ingia Mwalimu.

Mwalimu ndio landlord wetu hapa Noonkopir. Alistaafu, ako miaka 66, na anavaanga sweta hata jua ikichoma mabati. Kejani kwake kuna kabati ya glasi, ndani encyclopaedia zimepangwa A mpaka Z, na huwezi guza juu ufunguo ilipotea. Siku nimempelekea rent akaniona na kitabu kwa mkono. Nikafanya makosa ya kumwambia naisare.

"Kijana," akasema, na ukiskia hiyo kijana jua kuna lecture ya nusu saa. "Kizazi chenu hakina subira. Mimi nikianza jambo, namaliza."

Nikainua macho, pole pole. Juu ya kichwa yake kuna ghorofa ya tatu. Ama tuseme kuna idea ya ghorofa ya tatu. Nondo zimesimama wima kama nywele ya msee amepigwa na stima. Hiyo floor ilianzwa kabla ya corona. Saa hii mathe wa door nne huanikia hapo blanketi. Na si yeye pekee, tembea Kite yote, kutoka stage mpaka Milimani, kila ploti ni "itaendelea". Nondo, nondo, nondo. Hii town ni library ya vitabu za kusarewa katikati, alafu wenyewe ndio wanatuchapia story ya subira.

Sikusema hiyo. Rent ilikuwa imechelewa na siku tisa.

Nilimtolea kitu ingine. Nikamwambia kuna odijo Mfaransa, Daniel Pennac, aliandika 1992 kwamba msomaji ako na haki kumi. Ya pili ni kuruka page. Ya tatu ni kutomaliza kitabu. Na ni mwalimu amesema! Mwalimu akafikiria kidogo, akavuta sweta.

"Huyo hana namba ya TSC."

Kesi imefungwa.

Hiyo haki ya pili, by the way, nilikuwa nishaijaribu. Kuruka page ni Expressway ya kitabu. Si unajua ile kitu ilifunguliwa 2022, kilomita 27, Mlolongo mpaka Westi, wenye doo wanapita juu na sisi tuko chini tunahesabu tenki za maji? Nikasema leo na mimi napita juu. Nikaruka kutoka 34 mpaka chapter ya mwisho. Ilikuwa inasema nini? Amka saa kumi. Oga maji baridi. Manze, nimelipa toll alafu nimeshukishwa Mlolongo.

So nikatafuta sheria. Iko moja inabamba. Kuna mathe alikuwa wa library huko Seattle, anaitwa Nancy Pearl, yeye husema hivi: kama uko 50 kushuka chini, pea kitabu page 50, ikikuboo, achilia. Ukipita 50, toa umri yako kwa mia, yenye itabaki ndio page zako, juu masaa yako duniani inaisha. Ukifika mia umeruhusiwa kuhukumu kitabu na cover. Safi sana. Mimi niko 24, so nadaiwa 50. Nimesoma 34. Bado page kumi na sita niwe free man.

Alafu nikapiga hesabu ya Mwalimu. Mia, toa 66.

Thelathini na nne.

Aki ya nani. Msee pekee kwa hii ploti ameruhusiwa na sheria kusare kitabu page 34 ni yule anasema vitabu hazisarewi.

Lakini wacha nikubali kitu moja, na usiambie mtu. Kusare si talaka. Highschool nilikuwa boarding huko Kajiado, shule gani haikuhusu, na setbook ilikuwa Blossoms of the Savannah ya H.R. Ole Kulet. Ilitoka 2008, ikabeba Jomo Kenyatta Prize 2009. Story ya Umaasaini, Resian na Taiyo, na sisi tuko Kajiado kabisa, ng'ombe zinapita kwa dirisha, ukiinua macho kwa page unaona kengele ile ile. Na bado nilisare. Nilisoma mwongozo. Class mzima ilisoma mwongozo. Kitabu ikikuja na viboko na "toa mifano minne", inakuwa kama dawa ya minyoo. Alafu KCSE ikaisha, nikawa home, bundles zimekatika, nikaiokota chini ya kitanda. Niliimaliza usiku mbili. Kumbe ilikuwa nare! Resian ananifanya nikose kulala, na hakuna odi ananiuliza sifa zake. So zingine hazijakosea, ni wewe ulikuja na mood mbaya. Hizo unaziweka, unarudi.

Na zingine hazina wakati. Kuna copy ya My Life in Crime ilikuwa inazunguka hapa base. Kiriamiti mwenyewe, jambazi wa ukweli, alifungwa 1971, kitabu ikatoka 1984, na mpaka leo wasee wanaigombania kama charger. Hiyo copy ilinifikia haina cover, haina mgongo, na mbaya zaidi, page za mwisho zimeng'olewa. Sijui nani alifunga nazo njugu. Mbogi, niliugua. Nilizunguka hii town nikiuliza watu wanimalizie. Nduthi guy mmoja akanichapia mwisho moja, kinyozi akanichapia ingine tofauti. Weekend nikapanda mat nikaenda kuinama tao, masaa mbili, mgongo ikilia, natafuta page kama kumi tu za kitabu nishasoma. Nikapata. Nikaisomea hapo hapo nimesimama, mwenye kuuza ananiangalia kama mwizi.

Hapo ndio nilipata kipimo yangu, na sijali za Seattle. Jiulize: mtu aking'oa page za mwisho za hii kitabu leo usiku, utamtafuta? Nikaangalia ile ya bilionea kwa meza. Nikaona hata aking'oa zote kutoka 35, nitamwambia asante, abebe na risiti.

Nikampelekea Mwalimu. Nikamwambia, wewe ni mtu wa kumaliza, malizia vijana. Akaipokea na mikono mbili kama cheti. Wiki tatu baadaye akanirudishia kwa gate, amefunga na gazeti. Nikamuuliza, "Mwalimu, uliimaliza?"

"Macho, kijana. Maandishi ni madogo."

Nikafungua nicheki. Risiti ilikuwa imesonga. Iko page 19.

So kitabu iko kwa meza yangu, haina doa, imesomwa na watu wawili na hakuna amefika Nairobi. Naiuza rwabe. Ukiitaka kuja Noonkopir, uliza ploti ya nondo. Najua ziko mingi. Yetu ndio iko na blanketi.