Fahamu: Mahindi ya Kenya, Baina ya Ghala na Kinywa
Tangu mwaka 1964, ilipotolewa Kitale mbegu chotara ya H611, iliyozaliwa na mahindi ya huko na yale ya Ecuador, mavuno ya Kenya yalistawi, hata Trans Nzoia na Uasin Gishu zikahesabiwa kuwa hazina ya taifa. Lakini kadiri watu walivyozidi na mashamba kukatwakatwa baina ya warithi, upungufu, ambao zamani uliletwa na ukame kama ule wa 1984, umekuwa ada, na magunia ya Uganda na Tanzania ndiyo huziba pengo. Tena, mwaka 2011 maradhi ya virusi ya mahindi yalizuka Bomet; 2017 wakaja viwavijeshi vamizi. Na mkulima, kwa dhiki ya karo, huuza Desemba kwa thamani duni alichokivuna, kisha Juni hununua unga ghali.