Taa Nazo Husema

Mtu atazamapo filamu aghalabu macho yake huwa kwa wachezaji: nani kapigwa, nani kakimbia, nani kaoa. Ni wachache wanaotazama taa ndogo zilizotiwa katika mavazi yao. Mimi ni mmoja wa hao wachache, na ufundi niupendao ni kuunda mfano wa taa hizo, ziwake na kuzima kama zilivyofanya katika filamu yenyewe, bila ya kuzidi wala kupungua.

Mathalan, chukua filamu ya Marekani iitwayo Ghostbusters, iliyotoka mwaka 1984. Mabwana wanne wanawinda mizuka mjini New York, na kila mmoja amejitwika mgongoni mtambo uitwao Proton Pack. Sehemu ya chini ya mtambo huo pana duara lenye taa nne nyekundu, zinazowaka moja baada ya moja kwa kuzunguka. Juu yake pana mstari wa mwanga wa buluu unaopanda toka chini hadi juu, kisha ukaanza tena. Mtambo wenyewe ni wa mchezo tu, haukamati kitu. Lakini taa zikianza kuzunguka, mtazamaji husadiki kuwa mna nguvu ndani. Taa ndizo zilizomwambia.

Anayetaka kuuiga mtambo huo ana mambo matatu ya kuangalia. Kwanza ni mwendo. Filamu ya sinema huenda picha 24 kwa sekunde. Fundi huisimamisha na kuhesabu picha: taa ikikaa kwa picha 12, basi imewaka nusu sekunde. Ahesabu picha, asitegemee saa, kwani kanda za video za mtindo wa PAL, tulizozizoea Kenya, ziliiendesha filamu kwa picha 25, na kila kitu kikaenda mbio kwa kiasi cha asilimia 4. Mwenye kupima kwa saa mbele ya kanda hiyo ataunda mtambo wenye haraka, wala asijue kwa nini.

Pili ni namna ya kuwaka. Vyombo vya filamu vya zama hizo aghalabu vilitiwa globu ndogo zenye waya ndani. Waya huo hupata moto kwanza ndipo ung'ae, na ukikatiwa umeme hupoa taratibu. Taa za LED tunazonunua leo huwaka na kuzima papo hapo. Dawa yake ni kichipu kilichoandikiwa programu, ambacho hukata na kurudisha umeme mara mamia kwa sekunde, kikiongeza muda wa kuwaka kidogo kidogo. Jicho halioni kukatika huko. Huona mwanga unaochomoza na kutua.

Tatu ni rangi. Mwaka 1984 LED za buluu zenye mwanga mkali hazikuwako madukani. Mjapani Shuji Nakamura alizitoa mwaka 1993, na mwaka 2014 yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakatunukiwa Nobeli ya fizikia. Kwa hiyo buluu ya leo ni kali mno kwa kazi hii, na fundi mwaminifu huifunika ipate upole.

Watu huniuliza, ya nini taabu yote hii kwa kitu cha mchezo? Jawabu langu ni kwamba jicho hujua lisichoweza kuhesabu. Aliyeipenda filamu utotoni akiona taa zinakwenda ovyo, hatajua kasoro iko wapi, ila atasema, "Siyo hii."

Lakini taa husema hata yale asiyoyakusudia mwenyewe. Tarehe 21 Septemba 2007, katika uwanja wa ndege wa Boston, msichana mwanafunzi alielekezewa bunduki na kukamatwa kwa kuvaa fulana yenye taa za LED alizozipanga mwenyewe. Na tarehe 14 Septemba 2015, mjini Irving, Texas, kijana Muislamu wa miaka 14, mwenye asili ya Sudan, alitiwa pingu kwa kupeleka shuleni saa ya umeme aliyoiunda, ikadhaniwa bomu. Hakushtakiwa mahakamani, lakini pingu alikwisha kuzivaa.

Haya yanatugusa sisi wenye majina kama lake. Hata hivyo sisemi watoto wetu waache kuunda. Nasema tuwafunze kwamba ufundi ni pamoja na kumjua atakayeziona taa zako. Mtambo usafirishwe ndani ya sanduku, betri zikiwa zimetolewa, na mwenyewe aeleze kabla ya kuulizwa. Nasi watu wazima tuna wajibu wetu: tukiona waya na taa mikononi mwa mtoto, la kwanza liwe ni kumuuliza ameunda nini.