Tegla Loroupe: Usiku Niliomkatia Tamaa

Miongoni mwa mambo niliyoyatenda ambayo nikiyakumbuka huona haya, moja ni kuzima televisheni usiku wa kuamkia Jumapili, Septemba 24, 2000. Usiku huo marathoni ya wanawake ya Michezo ya Olimpiki ilikuwa ikikimbiwa Sydney, Australia, ambako kulikuwa kumekwisha pambazuka. Mimi na wenzangu wawili tulikesha na birika la chai tukimngojea binti wa Kipokot, Tegla Loroupe, atuletee dhahabu. Shaka hatukuwa nayo, maana rekodi ya dunia ilikuwa mikononi mwake, au tuseme miguuni mwake.

Lakini mambo hayakwenda tulivyotaraji. Wa mbele walipochomoka, Tegla hakuwamo. Tukangoja kidogo, kamera ikawarudia wale wa mbele, bado hakuwamo. "Ameisha huyu," nikasema kwa uchungu, nikainuka, nikazima. Kwa pupa yangu nikakosa hata kumwona Mkenya mwenzake, Joyce Chepchumba, akitwaa nishani ya shaba.

Asubuhi nikapata habari kwamba Tegla alimaliza wa 13. Baadaye ndipo nikasikia yaliyomfika: usiku wa kuamkia mbio alikuwa hoi kwa chakula kilichomdhuru tumboni. Mtu wa hali hiyo angebaki kitandani, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akaenda kwenye mstari, akakimbia kilomita 42 na mita 195 mpaka mwisho. Tena kabla wiki haijaisha akaingia uwanjani kwa mbio za mita 10,000, akapita mchujo, na katika fainali ya Septemba 30 akamaliza wa tano. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba kuna watu nyumbani waliomwekea matumaini, naye hakutaka kuwaangusha.

Basi msomaji, mimi nilikuwa mmoja wa watu hao, nami nilikuwa nimekwisha kulala! Makala haya ni deni ninalolilipa.

Tegla alizaliwa mwaka 1973 katika Pokot Magharibi, nyumba ya mfugaji mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 20. Kazi za binti katika boma zinajulikana: kulea wadogo, kuchunga, kuchota maji na kuokota kuni. Shule ilikuwa mbali, kiasi cha kilomita 10, naye alizikimbia asubuhi miguu mitupu ili asichelewe. Hakuwa na mwalimu wa riadha wakati huo. Mwalimu wake ulikuwa mlima, na saa yake ilikuwa kengele ya shule. Huko shuleni, katika mashindano ya watoto, ikaonekana kwamba kasichana haka kanawaacha nyuma wakubwa zake.

Baba yake hakupendezwa. Kwake yeye kukimbia halikuwa jambo la mwanamke. Aliyesimama upande wa binti alikuwa mama yake. Wakubwa wa riadha nao walipomtazama, waliona mtu mfupi, mwembamba, ambaye uzani wake haukufikia nusu ya gunia la mahindi la kilo 90, wakatilia shaka kama ataweza. Sitaki kuwacheka wazee hao. Sisi sote tulikuwa hivyo. Wanawake wa Kenya walianza kwenda Olimpiki mwaka 1968, lakini nishani yao ya kwanza kabisa ilikuja mwaka 1996, Pauline Konga alipopata fedha katika mita 5,000 kule Atlanta. Kwa miaka 28 tulipiga vifijo kwa ajili ya wanaume, na mabinti tukawaachia mbio za kwenda mtoni. Hata dunia ilichelewa, kwani marathoni ya wanawake haikuingizwa katika Olimpiki hadi mwaka 1984.

Tegla ana jina jingine la kwao, Chametia, yaani mtu asiyekasirika. Nadhani jina hilo lilimfaa kuliko viatu. Alidharauliwa asigombane na mtu. Mwaka 1988 alishinda mbio za nyika miguu mitupu, na ndipo watu wakaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 21, aliingia marathoni yake ya kwanza katika jiji la New York. Wageni wa mbio hizo huonywa kwamba marathoni si ya kujaribia: ukitumia nguvu zako zote katika nusu ya kwanza, nusu ya pili itakudai na riba. Tegla alishinda kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 37. Mkenya Ibrahim Hussein alikuwa amekwisha kushinda New York mwaka 1987, lakini kwa upande wa wanawake hakuwa ametokea Mwafrika hata mmoja kabla ya Tegla. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba aliporudi nyumbani akina mama walimwambia amewaonyesha wanaume kuwa wanawake si watu wa bure. Maneno hayo, kwa maoni yangu, yana uzito kuliko kikombe.

Mwaka uliofuata alirudi New York akiwa na msiba. Dada yake, aliyekuwa nguzo yake, alikuwa amefariki muda mfupi kabla ya mbio. Alikimbia na majonzi yake, akashinda tena. Mwaka huo huo alipata nishani ya shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya Gothenburg, Sweden, na akaipata tena Seville, Uhispania, mwaka 1999. Kati ya 1997 na 1999 alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mara tatu mfululizo, na katika miaka hiyo hiyo mitatu alishinda marathoni ya Rotterdam, Uholanzi, kila mwaka.

Ni huko Rotterdam, mwaka 1998, alikofanya jambo lililotikisa dunia. Tangu 1985 rekodi ya marathoni ya wanawake ilikuwa ya Ingrid Kristiansen wa Norway, saa 2, dakika 21 na sekunde 6. Miaka 13 ilipita, mabingwa wakaja na kuondoka, rekodi ikakaa kama jiwe la mpaka. Tegla akamaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47. Wapo walionung'unika kwamba wanaume waliokimbia pamoja naye walimsaidia kushika mwendo. Chametia hakubishana na mtu. Septemba 1999 alikwenda Berlin akapunguza sekunde nne nyingine. Aprili 2000 akashinda London.

Na sasa turudi Sydney. Aliyeshinda siku ile alikuwa Naoko Takahashi wa Japani, na ndiye pia aliyeichukua rekodi ya Tegla, Berlin, Septemba 2001, kwa kukimbia chini ya saa 2 na dakika 20. Rekodi hiyo ya Takahashi ilidumu wiki moja tu. Aliyeivunja kule Chicago alikuwa Mkenya, Catherine Ndereba. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, Peres Jepchirchir alipata dhahabu ya marathoni na Brigid Kosgei fedha. Mlango ambao Tegla aliusukuma kwa bega sasa mabinti wetu wanaupita bila hata kuinama.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miguu ilipochoka, Tegla aliitafutia kazi nyingine. Kwao, wizi wa mifugo umewaua vijana wengi, Wapokot kwa Waturkana, Wamarakwet kwa Wakaramoja wa ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2003 alianzisha wakfu wa amani unaobeba jina lake, na kule Kapenguria akaandaa mbio ambazo morani wa makabila yaliyokuwa yakiviziana walikimbia bega kwa bega bila silaha. Huko huko akaanzisha shule ya watoto, wakiwamo mayatima wa mapigano hayo.

Kisha akawatazama watu wasio na bendera. Katika kambi ya Kakuma alifanya majaribio ya kuwatafuta wakimbiaji miongoni mwa wakimbizi, akawachukua waliofaa kufanya mazoezi Ngong. Mwaka 2016, Olimpiki ya Rio de Janeiro ilipokuwa na kikosi cha wakimbizi kwa mara ya kwanza, watu 10 kwa jumla, watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka mikononi mwake, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Rose Nathike Lokonyen, aliyekulia Kakuma, alitangulia na bendera.

Hakuna hata mmoja wa kikosi hicho aliyerudi na nishani. Rose alipokimbia mita 800, wengine walifika mbele yake. Nilikuwa nikitazama. Mwanangu, ambaye hapendi kupoteza wakati, alinyoosha mkono kuzima televisheni wale wa mbele walipokwisha kuvuka mstari.

"Wacha," nikamwambia. "Bado kuna watu njiani."