Kugawa Watu, Kufuta Kumbukumbu: Ulinganishi wa Mifululizo Mitatu ya Riwaya za Distopia za Vijana kwa Jicho la Msomaji wa Kigali

Utangulizi

Kati ya mwaka 2008 na 2013 vilichapishwa nchini Marekani vitabu tisa ambavyo vilisambaa haraka miongoni mwa vijana wa mataifa mengi: trilojia ya The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008–2010), ile ya The Maze Runner ya James Dashner (2009–2011) na ile ya Divergent ya Veronica Roth (2011–2013). Zote zilifanywa filamu, na wapo vijana waliokutana nazo kwenye skrini kabla ya kuzishika mkononi. Wahakiki wamezoea kuzitia katika kapu moja la distopia, yaani masimulizi ya jamii ya kubuni ambayo utaratibu wake, uliowekwa kwa jina la amani na heri, umegeuka kuwa chombo cha mateso. Katika kila mojawapo kuna dola kali, kijana wa umri wa miaka kumi na sita hivi, na uasi.

Kapu hilo ni pana kupita kiasi. Tofauti zilizomo ndani yake huonekana vizuri yanapoulizwa maswali mawili: watu wamegawanywa kwa kigezo gani, na mgawanyo huo unapovunjika, kumbukumbu yake inafanywa nini? Makala hii inailinganisha mifululizo hiyo mitatu kwa maswali hayo, kisha inatazama yale yanayomsubiri mtu atakayetaka kuifasiri kwa Kiswahili kitakachosomwa Rwanda, nchi ambayo ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017.

Neno moja kwenye kitambulisho

Maswali hayo yana uzito wa pekee jijini Kigali. Kuanzia miaka ya 1930, utawala wa kikoloni wa Ubelgiji ulimsajili kila Mnyarwanda mtu mzima kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na jina hilo likaandikwa kwenye kitambulisho chake. Katika vitambulisho vilivyotumika baadaye, safu yenyewe iliitwa kwa Kinyarwanda ubwoko. Kwa mtafiti wa lugha, hapo ndipo penye jambo. Ubwoko ni neno la kale la ukoo mkubwa: Abanyiginya, Abega, Abasinga, Abazigaba na kadhalika, na ndani ya ukoo mmoja walipatikana Wahutu, Watutsi na Watwa. Neno lililokuwa likiwaunganisha watu kwa nasaba likahamishiwa kwenye karatasi ya kuwatenga. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, karatasi hiyo ilikuwa hukumu kwenye vizuizi vya barabarani. Safu hiyo iliondolewa baadaye, na kijana wa Kigali wa leo hana kitambulisho cha aina hiyo. Lakini babu yake alikuwa nacho mfukoni.

Kwa hiyo anapofungua riwaya ambamo serikali imewapanga raia katika makundi na kuandika kundi la kila mmoja, hasomi sitiari tu.

Kura na posho

Katika The Hunger Games mgawanyo ni wa mahali. Nchi ya Panem ina makao makuu yenye anasa na wilaya kumi na mbili zinazoyalisha. Ya kumi na tatu inasemekana iliangamizwa. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja wa umri wa miaka 12 hadi 18, na hao 24 huuana mbele ya kamera mpaka abaki mmoja. Wanapatikana kwa kura, na kwa juujuu kura ni haki: kila mtoto yumo. Ustadi wa Collins umo katika hesabu. Mtoto wa familia yenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake kwenye kura ili apewe posho ya nafaka na mafuta, jina moja kwa posho ya mtu mmoja kwa mwaka, na majina hayo hujumlishwa mwaka hadi mwaka. Katniss, mwenye miaka 16, jina lake limo mara 20: mara 5 kwa umri wake na mara 15 kwa posho yake, ya mama yake na ya mdogo wake. Rafiki yake Gale, wa miaka 18, limo mara 42. Sheria haimtaji maskini popote, lakini maskini ndiye anayeitwa. Huu ndio mgawanyo unaojulikana zaidi duniani, na huenda ndiyo sababu mfululizo huu haujachuja. Collins aliurudia mwaka 2020 na tena mwaka 2025.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakumbuka hapa Kufikirika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962, ambamo waaguzi wa mfalme wanashauri itolewe kafara ya watu wawili, mwerevu na mjinga. Huko pia dola huokoa nyumba yake kwa roho za raia. Lakini Shaaban Robert analeta hoja mbele ya mfalme na kutarajia kwamba hoja njema itasikika. Katniss hana mfalme wa namna hiyo.

Mafungu matano na damu

Divergent inaanza na mgawanyo unaovutia zaidi kwa sababu unajifanya wa hiari. Mji wa Chicago umegawanywa katika makundi matano kwa tabia: wenye kujinyima, wapenda amani, wasema kweli, majasiri na wasomi. Afikishapo miaka 16, kijana hupimwa, kisha huchagua mbele ya watu wote kwa kudondosha damu yake kwenye bakuli la kundi analolitaka. Asiyefuzu mafunzo ya kundi hutupwa nje, akaishi kwa makombo. (Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa mtihani mmoja unaomwelekeza mtoto maisha yake yote, Kenya ilifanya KCPE yake ya mwisho mwaka 2023 tu.) Tris, mhusika mkuu, hapimiki: majibu yake yanaangukia makundi matatu, na kwa hilo anastahili kuuawa.

Mpaka hapo riwaya inasema kwamba hakuna binadamu anayeenea katika sanduku moja, na inasema vizuri. Matatizo yanaanza katika kitabu cha tatu, Allegiant. Inafichuka kwamba mji wote ni jaribio la idara ya serikali iliyo nje ya kuta, na kwamba idara hiyo ina mgawanyo wake: watu wenye jeni safi na watu wenye jeni zilizoharibika. Tris anaonekana msafi. Mpenzi wake Tobias anaambiwa kuwa yeye ni miongoni mwa walioharibika. Roth anaupinga mgawanyo huu mpya waziwazi, na wahusika wake wanauita uongo. Hata hivyo, muundo wa hadithi unamponza. Kwa vitabu viwili msomaji amefundishwa kumpenda Tris kwa sababu hapimiki. Sasa anaelezwa kwamba kutopimika huko ni dalili ya damu iliyo safi. Anayekumbuka watawala wa kikoloni waliopima pua na vimo vya Wanyarwanda ili waone nani ni nani, hawezi kuupita ukurasa huo upesi.

Mzingile

The Maze Runner inaweza kupitwa kwa haraka zaidi. Wavulana wanaletwa kwa lifti, mmoja kila mwezi, katika uwanja uliozungukwa na mzingile wa kuta zinazohama. Kila mmoja anakumbuka jina lake tu, na hata hilo si lake: limekatwa kutoka majina ya wanasayansi, Thomas kutoka Edison, Newt kutoka Newton. Baadaye inajulikana kwamba taasisi inawatumia kutafuta dawa ya gonjwa linaloharibu ubongo, na kwamba wengi wao wana kinga. Mgawanyo wa kweli, basi, ni wa mwilini: mwenye kinga na asiye nayo. Newt hana. Mfululizo unamalizika kwa wenye kinga kuvushwa hadi mahali salama, na wengine wote kuachwa nyuma. Dashner haulizi sana juu ya hao walioachwa. Ni mfululizo wenye mbio kuliko mingine, na wenye dhamiri nyepesi kuliko mingine.

Baada ya mgawanyo

Swali la pili ndilo linaloitenga mifululizo hii kabisa, nalo limezungumzwa kidogo kuliko la kwanza.

Allegiant inasuluhisha mgogoro wake kwa dawa ya kusahaulisha. Idara inakusudia kuufuta ubongo wa wakazi wote wa mji. Tris anaiwahi, anaimwaga dawa hiyo juu ya watu wa idara wenyewe, naye anauawa. Waliofutwa wanaamka bila kukumbuka kwamba waliwahi kuamini habari ya jeni safi, na amani inawezekana. Kisa kinasikitisha na kinasisimua. Lakini kinachopendekezwa ni kwamba chuki huponywa kwa kumnyang'anya mtu kumbukumbu bila idhini yake, na kwamba kosa la idara lilikuwa tu kuichagulia dawa shabaha mbaya.

Rwanda ilichagua njia nyingine. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili nchi huingia katika Kwibuka, yaani kukumbuka. Na pale Gisozi, Kigali, penye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Jamii hii ilijengwa upya kwa kuyataja majina. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilitaka mtendaji aseme alichofanya mbele ya jirani zake. Njia hiyo ina uchungu wake, na wapo waliopata taabu kuishi na yale waliyoyasikia. Lakini haimwachii mkosaji kuamka asubuhi akiwa hana alichokifanya.

Collins yuko karibu zaidi na Gisozi kuliko anavyodhaniwa. Mwishoni mwa Mockingjay, waasi walioshinda wanapiga kura iwapo watoto wa makao makuu nao watupwe katika mchezo uleule, na Katniss mwenyewe anaunga mkono, kabla ya kumuua kiongozi aliyeleta pendekezo hilo. Mgawanyo haukuvunjika, ulipinduliwa tu, wa juu akawa chini. Baada ya hapo ndipo Katniss na Peeta, wamerudi nyumbani wakiwa hawalali, wanaanza kuandika kitabu cha waliokufa, ukurasa kwa ukurasa. Mwandishi haahidi kwamba kitabu hicho kitawaponya.

Msamiati wa mtafsiri

Maamuzi haya yote hushuka hadi kwenye neno mojamoja. Kiswahili kina uzoefu: Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell, ilitoka mwaka 1967. Kina pia distopia zake kwa watu wazima; Walenisi ya Katama Mkangi (1995) imeficha katika jina lake sentensi nzima, wale ni sisi, na neno mzingile lenyewe lilikwisha kuwa jina la riwaya ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1991. Msamiati haukosekani. Kazi ni kuchagua.

Kwa wale wa Panem wanaotolewa na wilaya zao, hongo lingefaa kihistoria, kwa kuwa ndilo lililokuwa jina la ada waliyotoa wenye misafara kwa watemi wa bara. Lakini leo maana ya rushwa imelimeza. Kafara lina nguvu zaidi, ingawa linadai kwamba mtoaji ananufaika, na wilaya hazinufaiki na kitu. Kwa makundi ya Chicago, kabila lisitumiwe kabisa katika kitabu kitakachouzwa Kigali, kwa kuwa mara moja litavuta ubwoko na safu yake. Mrengo ni la siasa, na rika ni la umri. Fungu linaelekea kuwa bora: ni sehemu aliyokatiwa mtu, na ni lundo la nyanya sokoni lililopangwa na muuzaji. Aliyefukuzwa ataitwa asiye na fungu, na Kiswahili kitamwongezea bila kuombwa maana ya aliyekosa riziki, yule mwenye fungu la kukosa.

Gumu zaidi ni jina la Tris na wenziwe, ambalo ndilo jina la kitabu. Mkengeufu linavutia, kwa kuwa ni neno la mshtaki: dola ndiyo iliyochora mstari, na yeye amekengeuka. Litafanya kazi vyema katika vitabu viwili. Katika cha tatu, watu wa idara watalitamka neno hilohilo kama sifa, kwa maana ya mwenye damu safi, na mkengeufu halitakubali kugeuzwa hivyo. Mtafsiri akilibadilisha hapo, msomaji hatatambua kwamba ni lebo ileile iliyohama mkono. Asipolibadilisha, mazungumzo ya idara hayataeleweka. Asiyepimika linaweza kusimama pande zote mbili, kwa kuwa halimsifu mtu wala halimshutumu, ingawa linapoteza ukali wa shtaka. Uamuzi huo unapaswa kufanywa kabla sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza haijaguswa, na kwa hiyo mtafsiri aanze kusoma kutoka Allegiant.