Kiungo Katika Folda ya Zahanati: Kuhifadhi Anwani za Mtandao Mahali Ambapo Mtandao Haudumu

Aliyesimama stendi ya Msamvu mjini Morogoro na kuinua macho kuelekea milimani huiona minara ya mawasiliano juu ya kilele cha Bondwa. Mgeni huweza kudhani kwamba wakazi wa Uluguru, kwa kuwa minara imesimama kwao, wana mtandao kuliko sisi wa bondeni. Sivyo. Mawimbi ya simu hupenda njia iliyonyooka, na Uluguru ni nchi ya mikunjo. Ukishapinda kona kadhaa za barabara ya kutoka Sangasanga kwenda Mgeta, au ukishateremka katika bonde mojawapo la upande wa Matombo, mlima uleule uliobeba mnara ndio unaokuzibia. Watumishi wa afya wa huko hujua ni mwinuko upi wa kusimama ili ujumbe uende.

Katika mazingira hayo jambo dogo la kompyuta huweza kugeuka kuwa jambo la tiba. Tuchukue mfano wa tabibu wa zahanati ya milimani anayeteremka mjini kila mwezi kwa shughuli za taarifa za MTUHA. Anapata saa mbili tatu za mtandao mzuri. Anafungua mwongozo wa matibabu ya malaria, kisha ukurasa wa ratiba ya chanjo, kisha makala kuhusu shinikizo la damu kwa wajawazito. Muda unakwisha na gari la kurudi linapiga honi. Afanyeje ili kurasa hizo zisimpotee? Wapo wanaonakili anwani kwa kalamu katika daftari, herufi sabini zenye nukta na mikwaju, na nukta moja ikikosewa ukurasa haufunguki. Wapo wanaoweka alamisho ndani ya kivinjari cha kompyuta ya ofisi ya watu wengine, na mwezi unaofuata wanakuta kompyuta imesafishwa na alamisho zimekwenda na maji. Njia ya tatu, ambayo haijulikani sana, ni kuhifadhi kiungo chenyewe kama faili.

Faili lenye mistari miwili

Faili la njia ya mkato ni kitu kidogo mno. Katika kompyuta za Windows jina lake huishia na herufi url, na ukilifungua kwa programu ya kuandikia maandishi matupu, kama Notepad, utakuta kwa kawaida mistari miwili tu. Wa kwanza huiambia kompyuta kwamba hili ni faili la kiungo, na wa pili hubeba anwani ya ukurasa. Mara nyingi uzito wake haufiki hata kilobaiti moja, kwa hiyo maelfu yake huingia katika flashi ndogo kabisa na nafasi ikabaki. Ukilibofya mara mbili, kivinjari hufunguka na kwenda moja kwa moja kwenye ukurasa ule. Kompyuta za Mac na za Linux zina mafaili yao ya namna hiyo, yenye majina tofauti kidogo, kwa kazi ileile.

Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari, iwe Chrome, Edge au Firefox, ili kukiongezea kazi ambayo hakikuja nayo. Viendelezi vya kuhifadhi viungo hufanya hivi: ukiwa kwenye ukurasa unaoutaka, unabofya alama yake mara moja, nacho huchukua anwani na kichwa cha ukurasa, kikaandika faili la njia ya mkato na kuliweka katika folda ya vitu vilivyopakuliwa. Pale ambapo kichwa cha ukurasa kina alama zisizokubalika katika majina ya mafaili ya Windows, kama nukta pacha, alama ya kuuliza au mkwaju, kiendelezi kizuri huziondoa chenyewe.

Ni haki kusema kwamba kiendelezi si lazima. Katika Windows unaweza kuikamata kwa kipanya ile alama iliyo mwanzoni mwa upau wa anwani, ukaiburuta hadi kwenye folda, na faili lilelile likatokea. Kwa kiungo kimoja au viwili njia hiyo inatosha. Kiendelezi huleta faida pale mtu anapokusanya viungo ishirini katika saa moja na hana muda wa kuburuta kimoja kimoja.

Kwa nini faili, na si alamisho? Kwa sababu alamisho hukaa ndani ya kivinjari, ilhali faili hukaa popote unapoliweka. Linaweza kulala katika folda moja na nakala ya mwongozo unaohusiana nalo. Linaweza kunakiliwa katika flashi, likapanda mlima mfukoni mwa dereva wa bodaboda, likafika katika kompyuta ambayo haijawahi kukiona kivinjari chako. Muuguzi mkunga anayepokea kituo kutoka kwa mwenzake aliyehamishwa hurithi folda nzima, bila kuhitaji nywila ya mtu.

Njia si mahali

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Faili la njia ya mkato halina ndani yake hata neno moja la ukurasa ule. Tabibu wetu akipanda nalo mlimani, akalibofya siku ambayo mtandao umekatika, ataona kurasa tupu na maneno ya kuomba radhi. Mtu aliyekusanya viungo thelathini mjini akadhani amebeba maktaba, kumbe amebeba orodha ya njia za kwenda maktaba, huligundua kosa lake saa mbaya: mgonjwa yuko mbele yake.

Basi, mtu atasema, tupakue miongozo yenyewe na kuachana na viungo. Nayo ina hatari yake, na hatari hii ndiyo inayonifanya niandike makala haya. Mwezi Februari 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa malaria uliounganisha mapendekezo yake yote mahali pamoja. Kwa mama mjamzito aliye katika miezi mitatu ya mwanzo na mwenye malaria isiyo kali, mapendekezo ya wakati huo yalikuwa kwinini pamoja na klindamaisini kwa siku saba. Mwezi Novemba 2022 shirika hilohilo lilibadilisha kauli: ushahidi ulikuwa umekusanyika wa kutosha, na dawa ya artemeta na lumefantrini, tunayoiita ALu, ikapendekezwa hata katika kipindi hicho. Aliyepakua nakala ya 2021 na kuihifadhi vizuri kabisa anayo mpaka leo, nzuri na safi, na haitamwambia kamwe kwamba imepitwa na wakati. Ukurasa wenyewe ungemwambia.

Sisi Watanzania tumekwisha kuyaona mabadiliko ya namna hii. Mwaka 2001 tuliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria tukaingia kwenye SP, na mwaka 2006 sera ikahamia ALu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mjamzito aonwe angalau mara nane badala ya mahudhurio manne yaliyozoeleka. Kila badiliko huacha nyuma yake karatasi na mafaili ya zamani ambayo hayajui kwamba yamestaafishwa. Ieleweke pia kwamba mapendekezo ya kimataifa hayamwondolei mtumishi wajibu wa kufuata mwongozo wa matibabu wa taifa. Kwa sababu hiyo kiungo cha kwanza katika folda kiwe cha Wizara ya Afya, na vingine vifuate.

Kwa hiyo nakala na kiungo huwekwa pamoja. Katika folda ya malaria, kwa mfano, kaa na nakala iliyopakuliwa, na kando yake faili la njia ya mkato linaloelekea kwenye ukurasa ilikotoka. Majina yote mawili yaanze na tarehe ya kuhifadhiwa, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, ili kompyuta iyapange yenyewe kwa mfuatano. Siku isiyo na mtandao unasoma nakala ukijua ni ya lini. Siku yenye mtandao unabofya kiungo na kulinganisha.

Hata kiungo nacho huzeeka. Wizara yetu iliwahi kuitwa Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii, kisha kuanzia mwishoni mwa 2015 ikawa Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, na Januari 2022 ikarudi kuwa Wizara ya Afya. Taasisi inapopangwa upya, tovuti nayo huweza kupangwa upya na anwani za zamani zikafa. Ndiyo maana ni bora kuhifadhi ukurasa unaoutambulisha mwongozo kuliko anwani ndefu inayolenga moja kwa moja faili lake, maana faili hubadilishwa mara nyingi zaidi. Kwa makala za majarida ya kisayansi, tumia anwani inayoanza na doi.org kila inapopatikana. Mfumo huo, ulioanza kutumika mwaka 2000, hulipa kila chapisho namba ya kudumu hata mchapishaji akihama. Na usihifadhi ukurasa uliofunguka baada ya kuingiza nywila, kwani kiungo cha namna hiyo aghalabu hakifunguki tena baada ya kutoka.

Njia ya mwongo

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na katika jambo hili usemi huo una maana ya pekee. Jina la faili la njia ya mkato haliwajibiki kwa kilichomo ndani. Mtu anaweza kuliita ratiba ya chanjo na likakupeleka kwa wezi. Novemba 2023, na tena Februari 2024, kampuni ya Microsoft ililazimika kuziba nyufa za usalama katika Windows ambazo wahalifu walikuwa wakizitumia kwa mafaili haya haya, yakikwepa onyo ambalo kompyuta ingepaswa kulitoa. Faili la kiungo lililotumwa na usiyemjua usilibofye. Lifungue kwa Notepad, usome anwani iliyo katika mstari wa pili, na ikiwa huitambui, lifute. Na kompyuta ya zahanati, hata kama huunganishwa na mtandao kwa nadra, ipewe masasisho yake kila inapopata nafasi.

Kiendelezi chenyewe kinahitaji jicho la namna hiyo. Kinapopachikwa, kivinjari hukuonyesha ruhusa kinazoziomba. Chenye kazi ya kuhifadhi kiungo cha ukurasa ulio mbele yako hakina sababu ya kudai kusoma na kubadilisha data zako katika tovuti zote. Kikidai hivyo, tafuta kingine. Februari 2021 Google ilikiondoa katika Chrome kiendelezi maarufu cha The Great Suspender, ambacho kilikuwa kimeuzwa kwa mmiliki mpya na kukutwa na programu hatarishi. Watumiaji wake hawakuwa wamekosea walipokichagua. Kilibadilika kikiwa mikononi mwao. Katika kompyuta inayofungua taarifa za wagonjwa, viendelezi viwe vichache. Tena, kurasa za mifumo ya wagonjwa zisihifadhiwe kama viungo hata kidogo, wala jina la mgonjwa lisiandikwe katika jina la faili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Wewe mgonjwa, au ndugu wa mgonjwa, huenda huna kompyuta bali simu. Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi, na simu nyingi hazijui la kufanya na faili la njia ya mkato. Mtumishi akitaka kukupa ukurasa kuhusu kisukari au lishe ya mtoto, mwombe akutumie anwani kwa ujumbe wa kawaida. Kabla ya kuusoma, itazame anwani yenyewe: zinazoishia na go.tz ni za serikali, na zinazoishia na ac.tz ni za vyuo. Ukikuta humo jambo linalopingana na uliloambiwa kliniki, usibadilishe dozi. Njoo na simu yako uonyeshe.

Kwa vituo vyenye kompyuta, siku ya kufunga taarifa za MTUHA inafaa pia kwa kukagua folda. Mahali penye mtandao, fungua kila kiungo, linganisha tarehe ya ukurasa na ya nakala, badilisha nakala iliyopitwa na kuihamishia ya zamani katika folda yake. Kiungo kisichofunguka kiandikwe kwenye daftari, pamoja na jina la mwongozo na tarehe, ili atakayeteremka mjini mara ijayo akitafutie anwani mpya.